Maji ya Kukandia

Kitu cha kwanza Siwema alichoona ni gauni la Mashavu, limelowa maziwa kifuani.

Mama mkwe wa Mashavu alisimama mlangoni. "Mtoto tumeshamzika. Unamkandia nini tena?"

"Mwili wake haujapewa habari, mama," alisema Siwema, akichovya kitambaa kwenye maji ya moto.

Alimkanda tumbo, kiuno, kisha mgongo. Mashavu hakulia wala hakushukuru, alitazama ukuta tu.

"Wewe ulikandwa na nani?" aliuliza mwishowe.

"Sikukandwa. Walisema anakandwa mwenye mtoto. Ndipo nikaanza kazi hii."

Maji yalikuwa yanapoa. Siwema alikamua kitambaa, akabaki amekishika.

"Wangu alikuwa wa kike," alisema. "Nilimwita Shani."