Diski Nzito

Dukani, Akaliza alizipima viganjani diski mbili za kuhifadhia video, kama anavyopima viazi vya Bugeshi kabla ya kununua gunia. Kiazi chepesi huwa na tundu ndani. Akachagua ile nzito, maana aliona haya kuuliza ipi ni nzuri.

"We dada unajua kuchagua," muuzaji akasema. "Hiyo iko muzuri. Inameza yote."

Simu ya Akaliza ilikuwa imeanza kujizima yenyewe. Humo ndimo zilimokuwa video za mama yake, aliyezikwa Rugerero mwezi uliopita: mama akichambua maharage, mama akicheka, mama akimwita.

Muuzaji alizinakili kwenye diski. Majina ya video yakajipanga kwenye kioo cha kompyuta.

"Bon, sawa, zimeingia. Nifute za kwenye simu, ipumue?"

Akaliza akaitikia kwa kichwa. Muuzaji akabonyeza.

"Nifungulie moja," Akaliza akanong'ona. "Nimuone."

Kioo kikawa cheusi. Muuzaji akafungua nyingine, nayo ikawa nyeusi vilevile.

"Ngoja kidogo," akasema bila kumtazama.

Akaliza akaichomoa diski, akaitikisa polepole karibu na sikio. Ndani, kitu kizito kama nati iliyobanduka kwenye gundi kilikuwa kikibingirika.