Saa Mbili za Shaweji

Fizikia naijua yote, isipokuwa ile inayoanza baada ya darasa la nne. Shaweji yeye aliikataa nadharia ya uhusianifu, isemayo saa iliyo mbioni huchelewa.

"Wakati ni kama mvua," alisema. "Hutunyeshea sote sawasawa."

Akauza mbuzi wa mkewe, Mwanaidi, akanunua saa mbili. Moja akamwachia, nyingine akapanda nayo pikipiki. Mvua kubwa ikanyesha mji mzima.

"Nimezunguka mji bila kusimama!" alitamba aliporudi. Saa zililingana kabisa. Majirani waliomsubiri uani, wamelowa chapachapa, wakashangilia.

Mwanaidi akamshika bega kumpongeza, akaganda. Shati lilikuwa kavu, linanukia udi wa nyumba nyingine.

"Baba Tunu, mvua si hutunyeshea sote sawasawa?"

Saa zote mbili zikaendelea kugonga pamoja.