Sahani ya Maua

Fundi cherehani alikuwa ameshanawa mikono, anataka kuketi, ndipo alipoona hana pa kukaa.

Ndugu zake walikuwa wamelizunguka sinia, goti kwa goti. Katika nyumba ile mtoto wa nyumbani hakuwa na sahani yake. Mlikula pamoja, basi. Lakini nafasi yake, ubavuni mwa mama, haikuwepo tena. Mama ndiye aliyesogea kuiziba, na hakuinua macho.

Asubuhi, mbele ya ukoo mzima, baba mkubwa alitangaza kwamba binti mdogo ataacha shule, aolewe. Wote wakaitikia, "Umeshasema, baba." Fundi peke yake akasema, "Hapana, baba mkubwa. Mwacheni mtoto asome."

Hakuna aliyemfokea. Baba mkubwa alikohoa tu, akapangusa miwani yake, kikao kikaisha.

Sasa akasikia kabati la vioo likifunguliwa. Ikaja sahani nyeupe ya maua, ile aliyoiosha utoto wake wote, na siku aliyothubutu kujipakulia chakula humo alichapwa kofi, kwa kuwa ilikuwa ya wageni. Kijiko kilikuwa kimeviringishwa kwenye karatasi laini. Ikawekwa juu ya meza ndogo, karibu na mlango.

Aliyeileta alikuwa mdogo wake, yuleyule aliyetetewa asubuhi.

Baba mkubwa aliacha kutafuna, akawa anamtazama binti.

"Karibu sana," binti akasema, kwa ile sauti ya kupokelea wageni waliyofundishwa wote wawili. "Jisikie uko nyumbani."