Maji Yalipofika

Katika mji ule, fundi hakuanza msingi kabla mzee wa kiwanja hajamwonyesha mwilini mwake maji ya gharika kuu yalifika wapi. Mto ukifura ulipita ulikotaka, na kuta za zamani zote ulishazibeba; miili ya walionusurika ndiyo alama iliyobaki.

Fundi Kombo alisimama na kamba yake, akamngoja Bi Mwanakheri atoke jikoni. Akatoka, akajifuta mikono, akaweka kiganja kifuani.

"Hapa."

Kombo akafunga kamba kwenye nguzo, usawa wa kile kiganja; msingi ungepanda mpaka hapo. Salha, binti yake aliyekuwa akijenga nyumba pale, akaguna.

"Mama, mwaka ule ulikuwa mtoto! Kifua chako cha siku zile hakifiki hata kiunoni leo. Fundi, teremsha kamba. Matofali yenyewe ndiyo haya tu."

Kombo akacheka kwa aibu. Kosa hilo mafundi wa pale walilijua, na bado walilifanya. Akaanza kulegeza fundo.

"Mbona hamniulizi nilikuwa nimesimama wapi?" Bi Mwanakheri alisema.

"Si hapa hapa uwanjani?"

"Mabegani mwa baba yangu. Alinishika miguu mpaka mtumbwi ukaja. Nikapanda peke yangu."

Salha akakaa juu ya matofali.

"Alikuwa mrefu?" Kombo aliuliza baadaye.

"Kukushinda wewe."

Kombo akaifungua kamba. Akaipandisha nguzoni, ikapita kichwa chake, akanyanyua visigino, mkono ukiendelea kwenda juu.