Shimo la Thelathini na Tisa

Wanyama walitaka barabara kuu. Kifaru, msimamizi wa ujenzi, akasema haitachimbwa mpaka ijulikane nani anaishi njiani. Ukaguzi akapewa Ngiri, kapera asiyejua kutulia.

Ngiri akaondoka mbio, mkia juu. Kwenye kila shimo alibisha, "Hodi, hodi, hodi!" kwa pumzi moja, akaandika "Tupu," akatimka bila kuinua macho kwenye karatasi. Miguu ilimwasha, kila alipofika aliona amechelewa kwingine.

Nyuma yake Muhanga akatoa pua shimoni, macho yamejaa usingizi. "Bwana mkaguzi, mbona hungoji? Wengine tunaamka jioni, na mimi nina watoto humu."

"Nikimngoja kila anayelala, barabara itajengwa lini?" Ngiri akamjibu akiwa ameshageuka. "Isitoshe, wewe nimeshakuandika tupu."

Kifaru akapokea ripoti ya mashimo sitini, akaanza kuchimba. Siku ya nne Ngiri akakumbuka kwenda kulala kwake. Alikuta kifusi kimeshindiliwa.

Akamkimbilia Kifaru. "Umenivunjia nyumba!"

Kifaru akafungua ripoti, akasoma polepole: "Shimo la thelathini na tisa, chini ya mgunga uliopinda. Nimebisha hodi mara tatu, hakuna aliyeitikia. Tupu." Akamgeuzia karatasi. "Mwandiko wa nani huu?"

Pembeni Muhanga, ambaye shimo lake nalo lilikuwa limefukiwa, alikuwa amekaa juani na wanawe, akimtazama. Kwa mara ya kwanza miguu ya Ngiri ikatulia.

"Wangu," akasema. "Lakini nani angeitikia, na mwenye nyumba nilikuwa nje nabisha?"