Tarehe Thelathini Februari

Fundi alipofungua kifuniko cha seva, mavi ya panya yalimmwagikia mapajani.

Aliruka, akatukana kimoyomoyo. Hii ndiyo mashine iliyotunza kumbukumbu za vizazi vya wilaya nzima, na ilinuka kama choo cha stendi. Kibodi ilinata chai ya miaka. Programu ya hifadhidata ilikuwa kuukuu, toleo ambalo hata waliolitengeneza walishalisahau. Alikuwa amepewa mpaka saa nane mchana kuhamishia kila kitu kwenye toleo jipya.

Kabla ya kugusa chochote alifanya kama afanyavyo siku zote: alijitafuta. Aliandika namba ya cheti chake cha kuzaliwa, nacho kikatokea kwenye skrini, jina kamili na tarehe: Machi mbili. Leo hii. Mama yake alikuwa ameshapiga simu asubuhi kumpongeza.

"Hivi mama, nilizaliwa saa ngapi?" alikuwa amemuuliza.

"Nani alikuzaa wewe? Wewe tulikuokota jalalani," mama alijibu, wakacheka. Ulikuwa utani wao tangu utotoni.

Alitoka koridoni kutafuta maji ya kunawa. Bomba lilikuwa kavu. Kwenye benchi alikaa mama mmoja mtu mzima, bahasha magotini. Mama huyo alimtazama suruali, akamnyooshea kitambaa.

"Chukua ujifute, mwanangu. Utanirudishia ukimaliza kazi."

Alishukuru, akajifuta, akakitia mfukoni.

Saa sita toleo jipya liligoma. Lilikataa mistari arobaini na moja, yote kwa kosa moja: tarehe thelathini Februari.

"Mlevi gani aliandika upuuzi huu?"

"Sisi," alisema bibi wa masijala, aliyebakiza mwezi mmoja kustaafu. "Mtoto akiokotwa, hajulikani kazaliwa lini, tulimpa siku isiyokuwepo. Ndiyo alama yetu. Mzazi akija kumtafuta, tunajua pa kuanzia. Hiyo mashine ya zamani haina ubishi. Inameza tu, na kwenye cheti inaisogeza yenyewe mpaka mwanzoni mwa Machi, mtoto asichekwe shuleni."

"Na majalada ya karatasi?"

"Wameyamaliza hao hao waliokuchafua suruali." Bibi alishusha sauti. "Yule mama wa kwenye benchi amepata kibali cha mahakama. Mmoja kati ya hao arobaini na moja ni wake."

Fundi alihisi kinyaa. Mavi ya panya hayakumkirihi namna hii. Mtu anamtupa mwanawe kama ganda la ndizi, miaka mingi baadaye anakuja na bahasha, anaita watoto wa wenzake 'mwanangu'! Alikichomoa kile kitambaa kwa ncha za vidole, akakidondosha kwenye pipa la taka.

"Nipe japo namba zao niziandike pembeni," bibi alisihi. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Mzazi gani, bibi? Mama yangu mimi angekubali akatwe mkono kuliko kunitupa."

Mkuu wa ofisi alichungulia mlangoni. Alitaka kazi, hakutaka hadithi. "Kama ni uchafu, futa. Saa nane nataka kuona hitilafu sifuri."

Agizo lilimkuta fundi tayari. Mistari yenyewe hakuisoma, angesoma ya nini? Aliifuta yote arobaini na moja, kisha akafuta pia diski ya zamani, asije mtu akafukua uoza ule tena. Alijisikia kama mtu aliyepata maji ya kunawa hatimaye.

Bibi wa masijala alitoka shingo upande. Kupitia mlango ulioachwa wazi fundi alimsikia akisema maneno mawili matatu, kisha ndala zikiburutwa polepole kuelekea langoni. Mwenye kitambaa hakurudi kukidai.

Saa nane kasoro dakika tano kazi ilikuwa imekwisha. Hitilafu sifuri. Mkuu alisimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akitabasamu kama aliyeifanya yeye.

"Haya, ijaribu tuione."

Fundi aliandika namba ya cheti chake, ileile ya asubuhi, akabonyeza.

Toleo jipya lilikuwa na kasi ya ajabu. Lilijibu hata kabla hajainua kidole: mtu huyu hayupo.