Sukari Aliyoiacha

Jasho ndilo Nyambeki aliloliona kwanza. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani ya chai na kila mtu amejikunyata, lakini jirani yake, aliyekuwa akinyanyua vyuma nyuma ya kibanda cha chai cha Nyambeki, alikuwa amelowa chapachapa. Mikono ilimtetemeka.

"Bodi, leo chuma kimekulemea!" wenzake wa mazoezi wakamcheka kwa jina walilompa kwa ajili ya misuli yake.

Nyambeki hakucheka. Alijua habari za sindano za insulini alizojidunga kukuza misuli, zinazoshusha sukari mwilini, na vile alivyoacha kula asubuhi ili tumbo lisitokeze. Akajaza kikombe strungi, chai isiyo na maziwa, akatia sukari karibu kijiko kisimame.

"Kunywa."

"Sukari niliacha, sista."

"Kunywa, ama nikumwagie!"

Wenzake wakageuka kumtazama Nyambeki. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

Jirani akanywa, meno yakigongagonga kikombe. Polepole mikono ikatulia, macho yakarudi kung'aa. Akanyoosha kikombe kitupu.

"Ongeza basi. Kumbe bado ni tamu hivi?"

Nyambeki akamwongezea huku akicheka mpaka birika likayumba.

"Na hizo sindano uwache," akasema mbele ya wote. "Mimi nilikupenda ukiwa mwembamba."